Chuo, kampuni changa au waunda mashine: wapi pa kuandikia algoridhimu za kwanta?

Mpwa wangu amemaliza uzamili wa hisabati pale AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, Kigali, akarudi Malindi na barua tatu kwenye simu. Ya kwanza inampa nafasi ya uzamivu katika chuo kikuu kimoja cha Ulaya: miaka minne, na posho ya kujikimu. Ya pili ni ya kampuni changa inayouza programu. Wanamtaka awe mhandisi wa algoridhimu za kwanta, yaani mwandishi wa hatua za hesabu za kompyuta zinazofuata kanuni za chembe ndogo mno, mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa, afanye kazi popote penye intaneti. Ya tatu ni ya maabara ya utafiti ya kampuni inayounda mashine zenyewe. Hao wanampa mafunzo kazini ya miezi sita, hukohuko ziliko mashine, na baada ya hapo wataona. Wote wanataka jibu kabla ya mwezi kwisha.

Mamake, yaani dada yangu, alishatoa hukumu siku ya kwanza: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao kwake ni chuo, kwa sababu chuo kina jengo. Binti mwenyewe anaegemea kampuni changa, maana mshahara wake ukiugeuza shilingi unajaza kioo cha simu. Mimi niliitwa niamue kwa kuwa nimepitia kote kutatu. Si kwa ujasiri. Mikataba ilikuwa ikiisha.

"Mjomba, nichoree jedwali," akaniambia. Tulikuwa barazani Shela, hapahapa Malindi, baada ya alasiri, kahawa tungu ipo, na karatasi iliyofungiwa mahamri ndiyo iliyokuwa karibu. Nikachora safu tatu na mistari kumi na kitu: mshahara, viza, muda, heshima, umbali na nyumbani, na kadhalika. Kufika isha nilikuwa nimeikata karibu yote, umebaki mstari mmoja: ukigundua kwamba mbinu yako haiishindi kompyuta ya kawaida, unamwambia nani, naye hufanya nini?

Binti alicheka. Alidhani nimechoka.

Kazi yenyewe ni kuhesabu

Wasioijua kazi hii huona picha ya ile fanusi ya dhahabu inayoning'inia, yenye mabomba na nyaya, wakadhani mhandisi wa algoridhimu hushinda chini yake. Fanusi ipo. Ni jokofu, na chini kabisa hukaa kipande cha sakiti kinachopozwa hadi sehemu ndogo tu ya nyuzi moja juu ya sifuri halisi. Lakini mwandishi wa algoridhimu anaweza kumaliza kazi yake asiiguse hata siku moja. Vyombo vyake ni kompyuta ya mapajani, Python (lugha ya kuandikia programu), kalamu na karatasi nyingi.

Analetewa tatizo: kukadiria nishati ya molekuli, kupanga safari za malori, kupima hatari ya mikopo. Analivunja hadi liwe hatua ambazo kyubiti, yaani vijenzi vya msingi vya kompyuta ya kwanta, zinaweza kuzifuata. Kisha anahesabu zitahitajika kyubiti ngapi, malango mangapi (lango ni hatua moja ndogo juu ya kyubiti) na muda gani. Halafu, na hapa ndipo wengi huruka, anahesabu tena: kompyuta ya kawaida, ikiandikiwa programu na mtu hodari asiyeitakia mabaya, ingechukua muda gani?

Chukua algoridhimu ya Grover ya mwaka 1996. Una orodha ya vitu milioni moja isiyopangwa, unatafuta kimoja. Kwa njia ya kawaida utafungua nusu milioni kwa wastani. Kwa Grover unakifikia kwa hatua kama 785. Ukiishia hapo utaiona pepo. Ila kila hatua ya kwanta ni ya polepole kuliko hatua ya kompyuta ya kawaida, na ukiongeza gharama ya kusahihisha makosa, faida ya aina hiyo huweza kumezwa yote kwa matatizo ya ukubwa tunaokutana nao kazini. Ile ya Shor ya mwaka 1994, ya kuvunja namba kubwa kuwa vigawo vyake tasa, ni faida ya namna nyingine kabisa, na ndiyo inayowanyima mabenki usingizi, kwa kuwa kufuli zao za siri hutegemea ugumu wa kazi hiyo. Za sampuli ya Shor ni chache. Wanaozitafuta nyingine ni wengi.

Kuna na suala la makosa. Lango la kyubiti mbili linalofanya kazi sawasawa mara 999 kati ya 1,000 ni lango zuri kwa mashine za leo. Sasa yapange malango hayo 1,000 kwa mfuatano: uwezekano wa yote kupita salama ni kama asilimia 37. Kama ni mara 995 kati ya 1,000, uwezekano unashuka chini ya asilimia moja. Na hesabu za kemia zenye manufaa ya kweli, kwa mfano kuelewa jinsi vijidudu vya udongoni vinavyotengeneza mbolea ya naitrojeni bila joto la kiwandani, zinadai malango ya mabilioni.

Kwa hiyo mwisho wa miezi mitatu ya jasho jibu la kawaida ni hapana. Hapana kwa mashine hii, au hapana kwa ukubwa huu, au hapana moja kwa moja. Mtu akiniambia kazi hii ina ndiyo nyingi, najua ama ni mgeni ama anauza kitu. Ndiyo maana mstari ule ulibaki.

Chuo

Chuoni hapana huchapishwa. Mwaka 2018 Ewin Tang, akiwa na miaka 18 katika Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, alipewa na mwalimu wake Scott Aaronson kazi ya kuthibitisha kwamba algoridhimu fulani ya kwanta, ya kupendekeza watu wanunue au watazame nini, haiwezi kukaribiwa na kompyuta ya kawaida. Alitafuta uthibitisho asiupate. Alichopata ni algoridhimu ya kawaida inayoikaribia, na ile kasi kubwa iliyokuwa ikisifiwa ikayeyuka. Kwa mtu aliyekwisha kufungua duka juu ya algoridhimu ile, huo ni msiba. Kwa Tang ikawa tasnifu ya shahada ya kwanza, na jina lake likajulikana kote katika fani.

Nimemsimulia mpwa wangu kisa hicho mara mbili, kwa sababu ni msichana wa hisabati naye ana tabia ileile ya kung'ang'ania swali hadi ligeuke.

Ubaya wa chuo unajulikana, sitaurefusha. Posho haitoshi kumtumia mtu nyumbani kila mwezi, na kwetu binti aliyekwenda Ulaya halafu hatumi kitu hana raha kwenye simu. Msimamizi wako ni mmoja: akiwa mwema umepona, akiwa hana muda unakaa miezi minne ukingoja asome kurasa ishirini. Ukimaliza, kazi za utafiti za baada ya uzamivu ni mikataba ya miaka miwili au mitatu, unafungasha, unahamia mji mwingine, unajifunza upya duka la mchele liko wapi. Nimefanya hivyo. Mashine za kujaribia pia huwa haba. Mara nyingi unaigiza kyubiti kwenye kompyuta ya kawaida, na hapo ukuta uko karibu. Kyubiti 30 zinakula gigabaiti 16 za kumbukumbu, na kila moja unayoongeza inazidisha mara mbili. Ukifika 40 unaomba kompyuta ya taifa la watu.

Lakini cheti hicho ndicho maabara nyingi za utafiti za makampuni huuliza kwanza. Kuna nafasi za uhandisi zinazochukua wenye uzamili, zipo. Ila ukitaka kuchagua swali la kutafiti badala ya kupewa, uzamivu unasaidia.

Kampuni changa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiko moyo wa binti ulikolala.

Nilikaa miaka mitatu katika kampuni ya namna hiyo, sitaitaja. Mazuri yake ni ya kweli. Nilijifunza kuandika programu ambayo mtu mwingine anaweza kuitumia bila kunipigia simu. Nilikutana na matatizo ya watu halisi. Uamuzi uliochukua muhula mzima chuoni, pale ulichukua saa moja. Na mshahara ulifika tarehe ileile kila mwezi, hadi mwezi ulipoacha kufika, lakini hiyo ni baadaye.

Mteja mmoja alikuwa na malori na vituo arobaini vya kupeleka mizigo, akataka njia fupi zaidi kwa kompyuta ya kwanta. Swali la kawaida, na idadi ya njia inatisha kweli: kwa vituo ishirini tu, lori moja lina njia zaidi ya milioni bilioni sitini za kuzunguka na kurudi lilikotoka. Mwuzaji anapenda sana kuitaja namba hiyo. Asichokitaja ni kwamba hakuna mtu mwenye akili anayezijaribu zote. Mwaka 2006 watafiti walipata jibu sahihi kabisa la tatizo la vituo 85,900 kwa kompyuta za kawaida, miaka kumi kabla IBM haijaweka mashine ndogo ya kyubiti tano mtandaoni kwa kila mtu.

Niliandika sakiti yetu, yaani mfuatano wa malango, ikaendeshwa kwa toleo la vituo vichache, maana mashine haikuweza vyote arobaini. Kisha nikafanya nilivyofunzwa: nikaendesha programu ya kawaida, ya bure, kwenye kompyuta yangu ya mapajani. Ikamaliza arobaini zote kabla chai haijapoa. Nikaandika hivyo kwenye ripoti, ukurasa wa saba.

Meneja alikuwa mtu mpole. Hakunifokea. Aliniuliza tu kama ukurasa wa saba ni wa lazima. Nikamwambia ndio jibu lenyewe. Akasema mteja hakuuliza kuhusu kompyuta ya kawaida, aliuliza kuhusu kwanta, na kwanta imefanya kazi, si ndiyo? Ilikuwa imefanya kazi, kwa vituo sita. Ukurasa ukatolewa. Nami nilikuwapo kwenye mkutano, sikusema kitu, nikanywa maji.

Simlaumu sana sasa. Kampuni ile ilikuwa inaishi kwa fedha za wawekezaji, na mwekezaji hununua kesho. Kesho hiyo huyumba kwa neno la mtu. Januari 2025 mkuu wa Nvidia, waunda chipu za kompyuta, alisema hadharani kwamba kompyuta za kwanta zenye manufaa makubwa pengine ziko miaka 15 hadi 30 mbele, na kwa siku moja hisa za kampuni za kwanta zilizoko sokoni Marekani, zikiwemo IonQ, Rigetti na D-Wave, zikapoteza zaidi ya theluthi ya thamani. Hakuna algoridhimu iliyoharibika siku hiyo. Mpwa wangu ameahidiwa hisa katika barua yake, nami nimemwambia azihesabu kama maembe machanga kwenye mwembe wa jirani.

Nisiwadhulumu wote. Zipo kampuni changa zinazoishi kwa kutengeneza vifaa vya kazi: programu za kutafsiri sakiti, za kupunguza makosa, za kuhesabu gharama. Hizo hapana haiziui, kwa sababu haziuzi ushindi, zinauza nyundo. Xanadu wa Toronto, kwa mfano, wanaunda mashine na pia wanatoa PennyLane, programu ya bure ambayo wanafunzi wengi hujifunzia. Ukisoma tangazo la kazi, angalia kama kampuni inauza nyundo au inauza nyumba ambayo haijajengwa.

Waunda mashine

Kisa cha siku yangu ya kumi na kitu katika maabara ya waunda mashine ni hiki. Niliandika sakiti ya molekuli ndogo, jibu likatoka bovu. Kwa mazoea yangu ya kampuni changa nikaanza kutafuta namna ya kulivisha nguo. Fundi wa sakiti, bibi mmoja wa makamo, akanizuia: "Usilirekebishe. Nionyeshe limekosea wapi." Tukachimba siku mbili. Kumbe kyubiti mbili zilizokaa jirani zilikuwa zinasumbuana malango yao yakiendeshwa kwa wakati mmoja. Wiki iliyofuata wakabadilisha ratiba ya malango, na hitilafu yangu ikaingizwa kwenye vipimo vyao vya kila asubuhi. Hapana yangu ilikuwa imewafaa kuliko ndiyo.

Hiyo ndiyo tofauti. Anayeunda mashine anaihitaji habari mbaya ili ajue atengeneze nini, na mapema, kabla hajamwaga fedha kwenye kizazi kijacho cha sakiti. Desemba 2024 Google walitangaza kipande cha sakiti kiitwacho Willow chenye kyubiti 105 na kuonyesha kwamba kadiri walivyotumia kyubiti nyingi zaidi kulinda kyubiti moja, kutoka mraba wa tatu kwa tatu hadi tano kwa tano hadi saba kwa saba, makosa yalipungua kwa takriban nusu kila hatua. Huwezi kufika hapo kwa kufichana kurasa za saba.

Na kwa mwandishi wa algoridhimu, ushahidi ninaoupenda ni hesabu moja. Mwaka 2019 Craig Gidney wa Google na Martin Ekerå wa Uswidi walikadiria kwamba kuvunja ufunguo wa RSA, aina moja ya kufuli hizo za siri, wa biti 2,048 kungehitaji kyubiti milioni 20 zenye makosa, kwa saa nane. Mwaka 2025 Gidney akarudi na hesabu mpya: chini ya milioni moja, kwa muda usiozidi wiki. Makadirio ya ubora wa mashine aliyaacha vilevile. Kilichobadilika ni algoridhimu na namna ya kusahihisha makosa, yaani kazi ya kalamu. Ukiniuliza utafiti wa viwandani unafaa nini, nitakuonyesha namba hizo mbili.

Utamaduni huo si mpya. Shor na Grover wote wawili walikuwa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu, walipoandika algoridhimu zinazofundishwa leo kila mahali. Ila maabara hiyohiyo imepita mikononi mwa AT&T, Lucent, Alcatel-Lucent na sasa Nokia, na hapo ndipo penye mwiba. Maabara ya kampuni ni ya kampuni. Novemba 2023 Alibaba waliifunga maabara yao ya kwanta na kuvitoa vifaa kwa Chuo Kikuu cha Zhejiang. Miezi michache baadaye Baidu nao wakakabidhi yao kwa taasisi ya utafiti ya Beijing. Waliokuwa ndani hawakuwa wamekosea hesabu. Bodi ilibadilisha mawazo.

Kuna pia suala la jina. Kila unachotaka kuchapisha kinapita kwa wanasheria kwanza, na wakiona hataza ndani yake kinakaa. Nilikuwa na karatasi iliyokaa miezi tisa, na wengine wakachapisha wazo lilelile mwezi wa saba. Tulipokuwa tunapita karibu na ile nguzo ya Vasco da Gama, nilimkumbusha binti yule rubani aliyechukuliwa hapa Malindi mwaka 1498 akawavusha Wareno hadi Calicut kwa upepo wa kusi. Nguzo ina jina la mkuu wa meli. La rubani wanahistoria wanabishania hadi leo.

"Lakini alilipwa?" binti akauliza.

Swali zuri, na sikuwa na jibu.

Ukikaa Malindi, ukiondoka

Kampuni changa inamruhusu kufanya kazi akiwa nyumbani, na dada yangu hapo alianza kulegea. Kiufundi inawezekana. Mashine ziko mtandaoni, unatuma sakiti kutoka barazani, jibu linarudi. IBM wanatoa dakika chache za bure kila mwezi na kwa mwanafunzi zinatosha kujifunza. Mkutano wa saa nne asubuhi ya New York ni saa kumi na moja jioni kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na mbili wakati wa baridi, yaani magharibi inaingia ndani ya mkutano. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa inatambaa kwa siku kadhaa. Nilikuwa hapa likizoni, nilijionea. Haya yote yanavumilika.

Lisilovumilika kwa anayeanza ni jingine. Pale Ngomeni, kaskazini ya mji, majukwaa ya San Marco bado yanaonekana baharini. Waitaliano walirusha setilaiti kutoka hapo kati ya 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya miale ya eksirei kutoka angani, nayo ikapewa jina Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Watu wa Ngomeni waliiona ikipaa. Mazungumzo ya nini cha kutafuta angani, na nini maana ya kilichoonekana, yalifanyika kwingine.

Mhandisi mchanga anayefanya kazi peke yake kutoka mbali ni Ngomeni. Kazi inapita kwake, mazungumzo hayapiti. Ile hitilafu ya kyubiti jirani nisingeijua kwa barua pepe. Niliijua kwa sababu bibi yule aliiona sura yangu. Baada ya miaka mitano au sita ya kukaa nao, rudi ufanyie kazi Malindi ukipenda, utakuwa unajua nani wa kumpigia.

Pasipoti nayo ina neno lake. Mwaka 2024 nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza, Ufaransa, Kanada na Marekani, ziliziweka kompyuta za kwanta kwenye orodha ya vitu vinavyodhibitiwa kuuzwa nje. Athari yake kwa mwajiriwa mgeni ni kwamba baadhi ya milango ndani ya maabara inaweza kuhitaji kibali. Chuo kwa kawaida ni chepesi zaidi hapo. Uliza kabla ya kukata tiketi, na uliza kwa maandishi.

Kwa wasiotaka kuondoka kabisa, ipo kazi ya jirani ambayo vijana wa huku hawaiangalii. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kwanza vya usimbaji fiche unaotarajiwa kuhimili kompyuta za kwanta. Mabenki, mitandao ya simu na huduma za kutuma pesa itabidi wabadilishe kufuli zao zote, taratibu, kwa miaka. Kazi hiyo haingoji mashine iundwe, inafanyika Nairobi na Mombasa, na anayeielewa Shor kwa kalamu anaanza akiwa mbele. Haina fanusi ya dhahabu. Nilimtajia binti, akasema ni kazi ya kufunga makufuli. Sawa.

Nilivyomwambia

Kama angekuwa tayari ana uzamivu, ningemwambia aende kwa waunda mashine bila kugeuka nyuma. Kama angekuwa na wadogo wanaosubiri karo mwezi huu, ningemwambia achukue kampuni changa, aweke akiba ya miezi sita kabla ya kununua chochote, na asikubali kamwe kuondoa ukurasa wa saba kwa mkono wake, wautoe wenyewe. Mimi niliutoa, ndiyo maana naukumbuka namba.

Yeye hana hali mojawapo kati ya hizo. Kwa hiyo: miezi sita ya maabara kwanza, na chuo waombwe kuahirisha kuanza kwake hadi mwaka ujao. Vyuo vingi hukubali vikiombwa mapema na kwa adabu. Miezi sita inatosha kujua kama anaipenda kazi au anapenda picha yake, na akiingia kwenye uzamivu baada ya hapo ataingia na swali lake mwenyewe badala ya kupewa lililobaki kwenye meza ya msimamizi. Akikosa ruhusa ya kuahirisha, basi achukue chuo, maana mafunzo kazini hutangazwa kila mwaka na nafasi ya uzamivu yenye posho haiji kila mwaka. Hapo dada yangu na mimi tulikutana, kwa njia tofauti.

Kabla ya kujibu, nilimwambia awaandikie wote watatu swali moja, barua ileile, neno kwa neno: mnitajie matokeo mliyoyatoa miaka ya karibuni ambayo yanasema mbinu yenu haikushinda kompyuta ya kawaida.

Aliona haya. Alisema ni kama kumuuliza mwenye nyumba kuhusu panya. Akaandika hata hivyo, akinisomea kila sentensi, akatuma usiku baada ya umeme kurudi.

Maabara walijibu siku ya pili, karatasi mbili na jina la mtu wa kuzungumza naye. Kampuni changa walikuwa wamejibu usiku uleule, upesi kuliko wote, wakamtumia brosha. Chuo hawajajibu. Ujumbe uliorudi wenyewe unasema ofisi imefungwa kwa likizo ya kiangazi, na dada yangu kila asubuhi anauliza kama Wazungu wamerudi kazini.